BAT54S kwa soketi ya CV na geti: inalinda pini vizuri, noti uzipeleke kwingine

Kifaa kinachopimwa hapa ni kidogo kuliko punje ya mchele: BAT54S, daiodi mbili za Schottky ndani ya kifurushi kimoja cha SOT-23 chenye miguu mitatu. Kazi iliyopewa ni kulinda soketi ya Eurorack (mfumo wa sinthesaiza za moduli zinazounganishwa kwa waya) inayopokea ishara za dijitali za kuwasha na kuzima (geti, triga, kloku) na za analogi (LFO, yaani wimbi la polepole, envelopu, na CV, yaani volteji ya kudhibiti, ya noti) kwa kupokezana, kisha kuzipeleka kwenye pini moja ya Raspberry Pi Pico, bodi ndogo yenye chipu ya RP2040.

Kwa geti, triga, kloku, LFO na envelopu, inunue bila kusita. Kwa CV ya noti, yaani volti 1 kwa oktava, usiiweke kwenye nukta yenye ukinzani mkubwa, kwa sababu itapinda noti, na itazipinda zaidi chumba kikipata joto.

Pini inakutana na nini

Eurorack, mfumo ulioanzishwa na A-100 ya Doepfer mwaka 1995, hutumia umeme wa +12 V na −12 V. Geti kwa kawaida ni 0 hadi 5 V, ila zipo moduli zinazotoa 8 au hata 10. LFO nyingi hushuka chini ya sifuri, na opampu (kikuza ishara) kama TL072 ikifika mwisho wa uwezo wake hutoa karibu 10.5 V upande wowote. Mpiga muziki ana haki ya kuchomeka waya wowote kwenye soketi yoyote, kwa hiyo soketi ipangwe kuvumilia ±12 V siku zote, si 0–5 V ya kwenye mwongozo.

Upande wa pili, karatasi ya data ya Pico inaonya kwamba pini za GPIO26 hadi 29 zina daiodi ya ndani inayoelekea laini ya 3.3 V, hivyo volteji isiizidi laini hiyo kwa zaidi ya takriban 300 mV. GPIO0 hadi 25 hazina daiodi hiyo. Bahati mbaya, pini za ADC, zile zinazogeuza volteji kuwa namba, ni hizo za 26 na kuendelea, kwa hiyo pini pekee zinazoweza kufanya kazi zote mbili ndizo zenye sharti kali zaidi. Dari yetu ni 3.6 V.

Saketi ya 0–5 V, ambamo pini moja inafanya kazi zote mbili

Kutoka ncha ya soketi weka rezista ya 51k hadi nukta ya pini. Kutoka nukta hiyo weka 100k hadi graundi, na kapasita ya 1 nF sambamba nayo. BAT54S ikae hapo hapo: mguu wa 3 kwenye nukta, mguu wa 1 graundi, mguu wa 2 kwenye 3.3 V. Mguu wa swichi wa soketi uunganishe graundi, ili soketi tupu isome sifuri badala ya kuokota kelele.

Hesabu yake: 5 V kwenye soketi inakuwa 3.31 V kwenye pini. Ukinzani unaoonekana na pini ni kama 34k. Ikija +12 V, nukta ingetaka kufika 7.95 V, daiodi ya juu inafunguka na kupitisha kama 130 µA tu. Ikija −12 V, daiodi ya chini inapitisha kama 230 µA. Kwa mikondo midogo namna hii, karatasi ya data ya BAT54S (isiyozidi 0.24 V kwa 0.1 mA, isiyozidi 0.32 V kwa 1 mA) inaiacha pini karibu na 3.55 V juu na −0.26 V chini. Tumo ndani ya dari, japo si kwa nafasi kubwa.

Kwa upande wa dijitali, RP2040 inayotumia 3.3 V inahesabu kuwa juu kuanzia 2.0 V na chini kuanzia 0.8 V. Kwenye soketi hiyo ni 3.0 V na 1.2 V. Geti ya 5 V inapita bila shida, na kelele ya graundi haiwezi kuiwasha.

Kapasita ya 1 nF ndiyo inayowaponza wengi. Ukiwa umezoea kuweka 100 nF kwenye kila pini ya analogi ili usomaji utulie, hapa utaua triga: 34k na 100 nF ni milisekunde 3.4, na triga ya milisekunde 1 itaifikisha nukta 0.85 V tu kabla ya kukatika. Pini haitaiona kamwe. Kwa 1 nF ucheleweshaji ni kama mikrosekunde 30, ambao hakuna sikio litakaloulalamikia. Utulivu wa usomaji wa analogi utafute kwenye programu, kwa kuchukua wastani.

Mguu wa 2 wa daiodi uende kwenye pini ya 36 ya Pico, yaani 3V3. Usiupeleke pini ya 35, ADC_VREF (volteji ya rejea ya ADC), hata kama kwenye mchoro inaonekana "safi" zaidi. Ndani ya bodi ya Pico laini hiyo hupitia rezista ya 201 Ω kabla ya kapasita ya 2.2 µF. Soketi moja ikipigwa na 12 V itasukuma 130 µA kwenye rejea hiyo, rejea itapanda kama 26 mV, na soketi nyingine zote zitasoma pungufu kwa karibu asilimia 0.8. Kosa la namna hii hutafutwa kwa siku nyingi kwa sababu soketi inayoonyesha dalili siyo yenye tatizo.

Washindani wake

BAV99 ina umbo lile lile na mpangilio ule ule wa miguu, uvujaji wake ni mdogo, na bei haina tofauti ya maana. Lakini ni silikoni ya kawaida. Kwa 0.1 mA inadai karibu 0.6 V, kwa hiyo pini inafika 3.9 V na daiodi ya ndani ya chipu ndiyo inayofunguka kwanza. Umenunua mlinzi anayefika baada ya mwizi kuingia. Kwa 1N4148 mbili hali ni hiyo hiyo. Ukilazimika kuzitumia, ongeza rezista ya 10k kati ya nukta na pini, ili mkondo unaobaki kuingia kwenye chipu uwe wa mikroampea chache.

Daiodi ya zena ya 3.3 V ndiyo ushauri unaotolewa haraka zaidi na ndio mbaya zaidi kwa ishara ya analogi. Zena za volteji ndogo hazina kona kali. Volteji iliyoandikwa hupimwa kwa miliampea kadhaa, kumbe kwa mikroampea kumi au ishirini zinaanza kupitisha mkondo mapema sana, na nusu ya juu ya CV yako inalala. Kwa geti tupu inavumilika.

1N5817 ni Schottky ya miguu ambayo fundi wa vifaa vya umeme huwa nayo mezani. Iache kwenye kazi yake ya ugavi wa umeme. Uvujaji unaoruhusiwa ni hadi 1 mA kwa 20 V, mara mia tano ya ule wa BAT54S. Anayejenga kwa vifaa vya miguu atafute BAT85, ambayo tabia yake inakaribiana sana na BAT54S, na anunue mbili kwa kila soketi.

Uvujaji

Hapa ndipo alama za BAT54S zinaposhuka. Kiwanda kinaahidi tu kwamba uvujaji hautazidi 2 µA kwa 25 V na nyuzi 25. Kwa 3.3 V unakuwa mdogo kuliko huo, lakini si sifuri. Chukua 0.3 µA kama mfano. Ikipita kwenye 34k zetu inazaa 10 mV kwenye pini, sawa na 15 mV kwenye soketi. Kwa CV inayosogeza chujio hilo si kitu. Kwa noti, ambako nusutoni moja ni 83.3 mV, ni senti 18 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni), na mtu yeyote mwenye sikio atasikia.

Mbaya zaidi ni namna kosa linavyosambaa. Noti ikiwa chini karibu na 0 V, daiodi ya juu ndiyo yenye volteji kamili, na inavuta nukta juu. Noti ikiwa karibu na 5 V, daiodi ya chini ndiyo inayovujisha, na inavuta chini. Katikati zinakaribia kufutana. Matokeo yake noti za chini zinapanda, za juu zinashuka, na kalibresheni ya nukta mbili inanyoosha ncha huku ikiacha tumbo la mstari limepinda. Kisha uvujaji wa Schottky hukaribia kuongezeka maradufu kila nyuzi 10, kwa hiyo kasha likitoka nyuzi 25 hadi 45 zile senti 18 zinasogea kuelekea 70. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chapisha thamani ya ADC kwenye skrini, lisha soketi volteji thabiti, kisha ielekezee daiodi hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele.

Dawa yake ni kupunguza ukinzani wa nukta, au kuiondoa daiodi kwenye njia ya noti kabisa. Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza, na ndiyo iliyozoeleka hata katika michoro huria ya Mutable Instruments, watengenezaji wa moduli za Eurorack: opampu ya MCP6002 inayogeuza ishara, ikilishwa na 3.3 V ile ile ya chipu. Rezista ya kuingilia 100k, ya mrejesho 33k yenye 1 nF sambamba, na rezista ya 200k kutoka rejea ya −10 V (LM4040 ya 10 V iliyotundikwa kwenye −12 V kupitia 1k) hadi nukta hiyo hiyo ya kuingilia. Mguu wa kuingilia usiogeuza uende graundi. Soketi ikiwa −5 V, ADC inaona 3.3 V, ikiwa 0 inaona 1.65, ikiwa +5 inaona 0. Programu igeuze namba, basi.

Uzuri wa saketi hiyo ni kwamba ulinzi umo ndani ya muundo wenyewe. Opampu inayokula 3.3 V haiwezi kutoa zaidi ya 3.3 V. Soketi ikipigwa −12 V, ziada inayoingia kwenye mguu wa opampu ni kama 50 µA, na MCP6002 inaruhusu hadi 2 mA. Usiweke BAT54S hapo. Hutapata chochote zaidi ya uvujaji uliokuwa unaukimbia. Anayebana matumizi anaweza kuacha LM4040 na kuvuta −12 V moja kwa moja kupitia 240k, ila kila mtikisiko wa −12 V utaingia kwenye noti.

CV inayoshuka chini ya sifuri, na geti kwenye tundu hilo hilo

Kuna mtego ambao wengi huugundua bodi ikiwa imeshachapishwa. Ukiupanga mtandao ili −5 hadi +5 V iwe 0 hadi 3.3 V, basi 0 V ya geti iliyolala inakaa 1.65 V kwenye pini, katikati kabisa ya eneo ambalo pini ya dijitali haijui ni juu au chini. Hakuna daiodi inayotibu hilo.

Tiba ya kwanza ni ya programu. ADC ya RP2040 huchukua sampuli moja kwa mikrosekunde 2. Soketi tatu, ambazo ndizo pini za ADC zilizotolewa nje kwenye Pico, kwa zamu ni mikrosekunde 6. Triga ya milisekunde 1 itasomwa zaidi ya mara mia. Weka kingo mbili: ihesabu imewaka ikivuka 2.0 V ya soketi, imezimika ikishuka chini ya 1.2 V. Kwa C inatosha kabisa. Kwa MicroPython, kitanzi kikiwa na skrini ya kuchora, triga fupi zitapotea.

Tiba ya pili ni tawi la pembeni: kutoka soketi, 100k hadi besi ya MMBT3904, 47k kati ya besi na emita, na 1N4148 sambamba nayo, katodi ikielekea besi, kwa sababu kiungo cha besi na emita huruhusiwa 6 V tu kikigeuzwa, na LFO ya −10 V haiombi ruhusa. Kolekta iende pini ya dijitali yenye 10k kuelekea 3.3 V. Bila zile 47k transista itawaka kwa 0.6 V na kila mtetemo wa LFO utakuwa geti. Nazo kizingiti kinapanda hadi karibu 1.9 V. Kumbuka pini itasoma kinyume.

Tawi hilo lina gharama. Ukinzani wa soketi unashuka kutoka 100k hadi karibu 50k, na moduli nyingi hutoa CV kupitia 1k. Hasara ya asilimia 2 ni senti 24 kwa kila oktava. Kalibresheni inaliondoa kwa sehemu kubwa kosa hili kwa kuwa linakaribia mstari ulionyooka, mradi chanzo kisibadilishwe.

Chipu nyingine

Kwenye STM32, familia nyingine ya chipu za kudhibiti, alama ya FT huwapa watu imani kwamba pini inavumilia 5 V. Inavumilia, isipokuwa ikiwa katika hali ya analogi. Soketi inayobadilisha kazi kwa programu inapoteza uvumilivu huo sekunde ile ile unapoiwasha ADC, kwa hiyo ilinde kana kwamba FT haipo. Karatasi za data za STM32F4 zenyewe zinasema mkondo hasi kwenye pini huvuruga usomaji wa analogi, na zinashauri daiodi ya Schottky kutoka pini hadi graundi. Hapo BAT54S inapata kazi halali.

Pico 2 yenye RP2350 ya toleo A2 ina kasoro iliyosajiliwa kama E9: pini iliyowashwa kama ingizo la dijitali huvujisha hadi kama 120 µA ikiwa katikati ya juu na chini, na inahitaji njia ya kuelekea graundi isiyozidi 8.2k ili ishuke. Nukta yetu ya 34k itakwama karibu na 2 V geti ikizimika. Zima ingizo la dijitali la pini, liwashe papo hapo kabla ya kusoma, kisha lizime tena. Au tumia tawi la transista, kwa sababu transista huivuta pini chini kwa nguvu.

Kabla ya kuchomeka chipu

Hakikisha ni S. BAT54A na BAT54C zinafanana nayo kwa macho na alama za juu hutofautiana kwa kila kiwanda. Weka mita kwenye kipimo cha daiodi, nyekundu mguu wa 1, nyeusi mguu wa 2. S itaonyesha volteji ya daiodi mbili, kama 0.4 hadi 0.5 V. A na C hazitaonyesha kitu. Ikishabandikwa, dalili zinajieleza: A inaizuia nukta isivuke takriban 0.3 V, C inaishikilia juu karibu na 3 V hata soketi ikiwa tupu, na S iliyochorwa miguu 1 na 2 kinyume inachemka na kuangusha 3.3 V yote.

Kisha weka rezista ya 1k kati ya 3.3 V na graundi kwa muda wa jaribio. Regyuleta nyingi husukuma mkondo tu, haziupokei. Bila mzigo wowote, mkondo wa daiodi utainua laini yenyewe na utasoma 4 V ukidhani daiodi ni mbovu. Lisha +12 V kwenye soketi: nukta isome kati ya 3.4 na 3.55 V. Lisha −12 V: isome kama −0.2 hadi −0.3. Lisha 5 V: 3.3, ukikumbuka kwamba mita ya 10M peke yake inashusha kama 11 mV. Kwa soketi iliyofungwa graundi, chochote kinachozidi milivolti kumi ni uvujaji, au mabaki ya flaksi ya kulehemu chini ya daiodi. Safisha kwa spiriti kabla hujabadilisha kifaa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya regyuleta, usijaribu kuponya uvujaji kwa kushusha rezista ya soketi hadi 1k. Soketi nane zikipigwa 12 V zitasukuma karibu 70 mA, zaidi ya anavyotumia Pico mwenyewe kwa kazi nyingi, na 3.3 V itapanda ikichukua kila kitu kilichounganishwa nayo. Kasha likiwa limezimwa huku jirani linawaka, 1k hiyo hiyo itamwamsha Pico nusunusu kupitia waya wa CV. Kwa 51k kinachopita ni 0.2 mA kwa soketi, na chipu inabaki imelala.

Bei ni senti chache za dola kwa kipande, kwa hiyo nunua ukanda wa mia moja kutoka kwa msambazaji anayeonyesha jina la kiwanda kwenye tangazo. Kwa moduli ya soketi tatu, mbili za noti na moja ya geti na LFO, utatumia BAT54S moja na MCP6002 moja.